Nani Alinyoosha Mkono Kwanza

Ukumbini, 3 Februari

Mdogo wangu,

Fomu yako imefika. Nimeisoma na miwani, nikavua miwani nikaisoma tena, nikidhani labda vioo ndivyo vinavyonitania. Eti mimi, mkuu wa ukumbi wa mchezo wa panga za foili tulioachiwa na marehemu baba, niweke sahihi kwamba binti yangu wa kumzaa, huyu Chiriku ambaye hata walimu wake walimwita hivyo kwa mdomo wake usiojua kupumzika, anahama kwangu na kuandikishwa kwako ili acheze epee. Epee! Ungeniambia ametoroka na dereva wa lori ningejua pa kuanzia kulia.

Nilimtuma kwako wiki tatu tu, wakati anasubiri majibu ya mtihani. Nilisema akamsalimu shangazi yake, akusaidie kufagia hicho chumba unachokiita klabu, arudi. Wewe hukuona aibu. Wiki ya kwanza haijaisha umeshamtwisha upanga mzito na kumjaza maneno. Sasa ananiandikia kwamba kwangu alikuwa "anabanwa". Abanwe na nini? Miaka kumi nimemfundisha mtoto kutumia akili, kumbe nilikuwa nambana.

Naona huko uliko umesahau hata a-be-che ya kazi hii, basi nikukumbushe kama ninavyowakumbusha watoto wa Jumamosi asubuhi. Foili ni upanga mwepesi, unagusa kwa ncha, na sehemu halali ni kiwiliwili peke yake: kifua, tumbo, mgongo. Ukigusa mkono, mguu au kichwa, taa nyeupe inawaka, mwamuzi anasimamisha, hupati kitu, unaona haya. Na nyote wawili mkigusana pamoja, pointi ni ya mwenye shambulizi, yule aliyetangulia kunyoosha mkono na kumwelekezea mwenzake ncha. Kwa hiyo lazima ufikiri kabla ya kudunga. Na epee je? Gusa kidole cha mguu, pointi. Gusa kiwiko, pointi. Gusa barakoa ya mtu anayepiga chafya, pointi. Mkigusana pamoja kila mtu anapewa ya kwake, kama watoto wanaogombania peremende na mama yao amechoka kuamua. Huo si mchezo. Huo ni ugomvi wa jikoni uliofungiwa mashine ya taa.

Mchujo wa timu ya taifa ni tarehe 29 Machi. Kwa foili Chiriku hana mpinzani wa kumsumbua. Kwa epee ni mgeni, watamdunga kama mto wa sindano, na nikiweka sahihi hapo hawezi kurudi foili mpaka msimu uishe. Hilo ndilo unalomtakia?

Siweki sahihi. Mrudishe mwanangu.

Wifi yako anakusalimu. Mimi sikusalimu.

Kaka yako,
Mwalimu


Juu ya duka la viatu, 11 Februari

Kaka,

Ahsante kwa somo. Nimelisoma kwa sauti mbele ya wanafunzi wangu sita, tukacheka mpaka fundi viatu wa chini akagonga dari na nyundo. Ndiyo, kaka, tunagusa vidole vya miguu. Kwenye epee mwili wote ni halali, kuanzia utosini mpaka unyayoni, kwa sababu mtu mzima ana mwili mzima. Nyinyi wa foili mnavaa vikoti vya kung'aa vinavyoishia nyongani, mnakubaliana kwamba binadamu hana mikono wala miguu, halafu mnajiita watu wa akili. Angalau mimi na wewe tunakubaliana juu ya watu wa seba, wale wanaopiga kwa makali ya upanga chochote kilicho juu ya kiuno, kichwa, mikono, mabega, kisha wote wawili wanashangilia kabla mwamuzi hajafungua mdomo. Kuwadharau wale ndicho kitu pekee tulichobaki nacho cha ukoo.

Sasa nikupe makavu. Sikumtwisha Chiriku chochote. Siku ya pili alikuwa amekaa pembeni akipiga domo, akatuchosha, nikampa epee anyamaze. Nikamsimamisha na msichana anayeuza duka la dawa, mwenye miezi minane tu ya mazoezi. Chiriku akanyoosha, akamgusa mkono, safi kabisa, chini kidogo ya kiwiko. Unajua mwanao alifanya nini? Alishusha upanga akasema, "Samahani." Aliomba radhi, kaka! Nikamwambia geuka utazame mashine. Taa yake ilikuwa inawaka. Alisimama anaitazama kama mtu aliyekuta sahani yake imeshapakuliwa. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo shangazi, hapa hakuna mtu wa kunieleza nilichofanya?" Nikamwambia mwamuzi yupo, lakini kazi yake ni kusema anzeni na simameni. Nani kamgusa nani, mashine ndiyo inayosema. Akavaa barakoa yake, akacheza saa nzima bila neno. Chiriku! Saa nzima!

Hujamsikia kwa sababu hujawahi kumwachia nafasi. Kila akigusa, wewe unamweleza alichokusudia. Kila akiguswa, unamweleza alichokosea. Mtoto ana miaka kumi na minane na hajawahi kupata pointi ambayo haikupita kwanza mdomoni mwa baba yake.

Na kuhusu pointi zinazopita mdomoni mwa watu, usinifanye niseme. Basi nitasema. Miaka ishirini na miwili iliyopita, fainali ya foili ya wanawake, kumi na nne kwa kumi na nne, imebaki pointi moja ya kuamua. Mwamuzi aliyepangwa aliumwa tumbo, wakakupa wewe. Taa zote mbili zikawaka. Nilinyoosha mkono kwanza, nikaenda, nikagusa. Wewe, kaka yangu, tuliyelala chumba kimoja mpaka nina miaka tisa, ukainua mkono ukampa yule mwingine. Haukupita mwaka nikashika epee, na sijajuta hata Jumatatu moja.

Fomu zinafungwa tarehe 25 Machi. Weka sahihi, acha kiburi.

Wifi msalimie sana. Mwambie yeye sina ugomvi naye.

Mdogo wako


Ukumbini, 17 Februari

Mdogo wangu,

Nilijua tu utaifukua. Kila mwaka unaifukua, ikikaribia kuoza unaipaka manukato.

Nitakujibu kwa mara ya mwisho. Mkono wako ulikuwa umepinda. Ulikimbia mbele kwa miguu kama mtu anayewahi basi, mkono umekunjwa ubavuni, na mwenzako akanyoosha kabla yako. Shambulizi lilikuwa lake. Nilisema nilichoona. Mtu anayejua foili angelikubali siku ileile. Asiyeijua hukimbilia mchezo ambao hauna maswali.

Hiyo ndiyo siri ya klabu yako, nikwambie. Mmejaa watu ambao siku moja waliambiwa wamekosea, wakanuna, wakapanda ngazi za duka la viatu kutafuta mashine isiyojua kuwakosoa. Na sasa unataka kunifungia binti yangu humo pamoja na muuza dawa.

Unasema simwachii nafasi. Haya, nakuachia wewe. Njoo hapa Jumamosi ya tarehe 8 Machi, saa nne asubuhi, mbele ya wanafunzi wangu wote. Mimi na wewe. Foili. Pointi tano. Ukinishinda, naweka sahihi palepale mezani kwa kalamu yako mwenyewe. Nikikushinda, Chiriku anarudi nyumbani na kucheza foili msimu mzima, bila kununa na bila barua za kubanwa. Nimeshamwandikia na yeye.

Goti langu la kulia halipindi vizuri, nakwambia mapema usije ukasema sikusema. Lakini kwa mtu anayeshinda kwa kudunga viatu vya watu, goti moja linanitosha.

Kaka yako,
Mwalimu


Juu ya duka la viatu, 22 Februari

Kaka,

Nakuja.

Ulifikiri nitaogopa? Foili nilifundishwa na baba yuleyule aliyekufundisha wewe, na wakati ule ni wewe uliyekuwa ukienda kulia bafuni. Nimeazima kikoti cha kung'aa. Kinanibana makwapani. Wanafunzi wangu wamenikalia kooni, wanasema nafanana na samaki aliyefungwa kwenye karatasi ya kung'aa ya jikoni. Siku mbili sasa nafanya mazoezi na kila nikijisahau nadunga watu mikono. Kwa hiyo furahi, una nafasi.

Swali ni nani atakuwa mwamuzi. Si mmoja wa wanafunzi wako, hao wanakuita "mwalimu" hata usingizini. Si mtu wangu, hakuna hapa anayejua mambo yenu ya shambulizi ni la nani. Nilikuwa nawaza hivyo kwa sauti, Chiriku akaacha kufunga kamba za viatu akasema, "Mimi."

Nikacheka. Nikamwambia baba yako atasema utampendelea shangazi, maana wewe ndiye unayetaka fomu. Akanijibu kwamba leseni ya uamuzi aliipata mwaka jana mbele ya kamati, na kwa mtihani huo alifundishwa na wewe. Akasema kama baba haamini anachokiona binti yake, basi alimfundisha nini miaka kumi?

Swali hilo nakutumia wewe kama lilivyo. Labda jibu unalo.

Mdogo wako


Ukumbini, 25 Februari

Mdogo wangu,

Nakubali.

Usidhani sioni mchezo wako. Unajua mtoto anataka kubaki kwako, unamsukuma mbele ashike mizani. Ni ujanja wa mtoto wa darasa la tatu. Lakini huyo ni binti yangu. Macho yale nimeyafundisha mimi. Hawezi kunitazama usoni akasema uongo, na wewe utaondoka hapa na hicho kikoti cha kuazima ukiwa umejifunza tofauti ya mafunzo na mazoea.

Saa nne kamili. Hatumsubiri mtu.

Kaka yako,
Mwalimu


Juu ya duka la viatu, 10 Machi

Kaka,

Haya, umeshinda. Nilitaka kuandika barua ya mstari mmoja tu na huo ndio ungekuwa mstari, lakini kuna swali nataka kukuuliza.

Kwanza nikiri aibu zangu kabla hujazitangaza wewe. Mara nne niligusa kiganja chako na mara nne taa nyeupe ikaniumbua. Mkono wako ulikuwa pale, mbele ya macho yangu, bila ulinzi wowote, na miaka ishirini na miwili imenifundisha kwamba kitu kilicho karibu zaidi ndicho cha kudunga. Wale watoto wako walikuwa wanacheka na kuzibana midomo kwa glovu. Ulikuwa unaniongoza tatu kwa moja na ulikuwa umeshaanza kutabasamu ndani ya barakoa, niliona meno. Lile tabasamu ndilo lililoniamsha. Nilikupata kifuani, nikakupata tumboni, nikakupata tena kifuani huku goti lako likikulalamikia, na tulipofika nne kwa nne hukuwa unatabasamu tena.

Sasa ile ya mwisho. Nataka niiandike jinsi ilivyokuwa, kwa sababu sijui wewe unajisimulia vipi.

Nilianza mimi. Kila mtu ukumbini aliniona nikianza. Nilikuja mbele kwa kasi, wewe ulikuwa umesimama, ukanyoosha, tukagusana, taa zetu za mguso halali, nyekundu na ya kijani, zikawaka pamoja. Wanafunzi wako, kaka, wanafunzi wako mwenyewe, walianza kunipigia makofi. Yule mrefu mwenye kikoti cha bluu alishasema "Ni ya mgeni." Chiriku angeinua mkono upande wangu hakuna ambaye angepinga. Hata wewe ulishaanza kuvua glovu.

Akainua mkono kuomba kimya. Akasema, "Shangazi alitangulia kwa miguu. Mkono wake ulikuwa bado umepinda. Aliyenyoosha kwanza ni baba. Shambulizi ni la baba, pointi ni ya baba." Akasema vizuri, pole pole, jinsi ulivyomfundisha. Alijua maana yake. Alikuwa anajifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe mbele ya watu arobaini.

Na alisema kweli. Mkono ni wangu, najua ulikuwa wapi.

Kwenye basi tulikaa kiti kimoja. Nilijaribu kumwambia maneno ya kipuuzi, kwamba timu ya foili nayo ni timu. Akanishika goti akaniambia, "Shangazi, acha tu." Anafungasha. Atakuja Jumamosi ya tarehe 22 kwa basi la asubuhi. Mwambie wifi amwekee kitanda chake.

Lakini nijibu jambo moja. Alipotoa uamuzi, nilikutazama wewe, si yeye. Nilitaka nione unavyojivuna ili nipate cha kukuchukia njia nzima. Ulikaa chini. Ulikaa chini sakafuni, waya wa mashine ya taa bado uko mgongoni, ukaziba uso kwa ile glovu. Wanafunzi wakadhani ni goti. Mtu aliyeshinda hakai chini namna ile, kaka. Ulikuwa na nini?

Mdogo wako


Ukumbini, 14 Machi

Mdogo wangu,

Halikuwa goti.

Nimeandika barua hii mara tatu. Mbili nimezichana kwa sababu zilikuwa nzuri mno, zimejaa heshima ya mchezo na ugumu wa kazi ya mwamuzi. Ungezisoma ungenionea huruma, na mimi huruma yako siitaki, sijawahi kuitaka. Hii ya tatu ni mbaya na ndiyo ninayokutumia.

Mkono wako ulikuwa umenyooka.

Sizungumzii juzi. Nazungumzia ile fainali. Ulinyoosha mkono kabla hujainua hata kisigino, ncha ilikuwa imemwelekea kifuani, ilikuwa safi kama kwenye picha za kitabu. Niliona. Nilikuwa karibu kuliko mtu yeyote. Yule mwingine alinyoosha baadaye, kwa woga, na akakugusa kwa bahati. Nikainua mkono upande wake.

Wifi yako nilimweleza miaka mingi iliyopita. Nilimwambia niliogopa watu wasije wakasema nimembeba mdogo wangu. Akanielewa, akasema ni jambo gumu, maskini. Lakini huo nao ulikuwa uongo. Sikuwaogopa watu.

Unajua kwa nini walinipa mimi nikae kwenye nafasi ya mwamuzi? Kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Nilikuwa nimetolewa asubuhi, raundi ya kwanza, na kijana ambaye hata soksi zake hazikulingana. Nilitoka nikavaa suruali yangu peke yangu. Baba alinipita mlangoni. Hakuniambia pole. Alikuwa anakukimbilia wewe na waya mkononi, akakufunga mgongoni, akakupiga piga bega, akakuambia leo ukoo wetu uko mikononi mwako. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo. Mimi ndiye niliyekuwa wa kuurithi ukumbi huu.

Basi. Taa zilipowaka nilikuwa na sekunde moja ya kuwa mtu, na sikuwa. Nilisema mkono wako ulikuwa umepinda. Na nikaendelea kulisema mpaka likawa kama jina lako.

Juzi mtoto alisimama palepale niliposimama mimi. Alikuwa na kila sababu ya kusema uongo, na bora zaidi, uongo wenyewe ulikuwa unapigiwa makofi. Akasema kweli, ikamgharimu yeye. Nilikuwa nimekuandikia kwamba macho yale nimeyafundisha mimi. Siyo kweli. Sijui ameyatoa wapi. Hawezi kuwa ameyatoa kwangu.

Fomu imo humu. Nimeweka sahihi na muhuri wa ukumbi. Leo tarehe 14, mnazo siku za kutosha kuifikisha shirikisho. Mpe. Akacheze epee, akadunge vidole vya miguu vya watu mpaka achoke. Mchezo wenu bado ni wa hovyo na wala sijabadili fikra.

Kaka yako


Juu ya duka la viatu, 18 Machi

Kaka,

Nimeisoma mara moja, nimesimama, mlangoni, hata kabla ya kufunga mlango.

Nikuambie kitu ambacho hukijui, kwa kuwa unapenda kuwaeleza watu miili yao. Baada ya ile fainali nilirudi nyumbani, nikasimama mbele ya kabati la kioo chumbani kwa mama. Nikashika upanga. Nikanyoosha mkono. Nikatazama umepinda wapi. Nilifanya hivyo kila siku kwa miezi minne, kaka. Mama alidhani nina maringo. Nilikuwa natafuta kosa ambalo kaka yangu, anayeijua foili kuliko mtu yeyote, alikuwa ameliona na mimi silioni. Sikulipata. Nikaamua kwamba mimi ni mtu ambaye hawezi kujua mkono wake mwenyewe uko wapi, na nikaenda kwenye mchezo ambao mashine ingenisaidia kujua.

Uliniambia nakimbia maswali. Nilikuwa nimekaa na swali lako moja miaka ishirini na miwili, na jibu ulikuwa nalo mfukoni muda wote, unakula nalo, unalala nalo, unafundishia watoto wa watu.

Usihofu, huruma sina. Nilipekua kote nione kama imebaki kidogo. Na msamaha usiniombe kwa sababu hukuuomba hata katika barua hii, nimeangalia mstari kwa mstari. Hata ukiungama unaungama kama mtu anayesahihisha daftari la mwenzake.

Fomu ni ya Chiriku, siyo yangu, kwa hiyo nimempa. Akaniuliza imekuwaje baba amebadili mawazo wakati alishinda. Sikutaka kumdanganya. Katika ukoo huu ameshadanganywa mtu mmoja, inatosha. Nikampa barua yako aisome yote.

Alikwenda kuisomea kwenye ngazi. Aliporudi ndani aliniomba karatasi na bahasha. Atakuandikia mwenyewe.

Mdogo wako


Juu ya duka la viatu, 19 Machi

Baba,

Shikamoo.

Fomu nimeirudisha. Iko ndani ya bahasha hii, sikuikunja zaidi ya ulivyoikunja wewe. Shangazi hajanishauri, wala hajanizuia. Alinitazama nikiitia ndani ya bahasha, akaenda kuchemsha chai.

Mlikubaliana kwamba ukishinda narudi kucheza foili msimu mzima. Mimi nilikuwa mwamuzi, na nilisema umeshinda. Nikiitumia fomu hii itakuwa kama uamuzi wangu ulikuwa maneno tu, ya kuambizana na kubatilishana nyumbani. Sikuutoa hivyo. Nilipoinua mkono nilijua nampoteza shangazi, na epee, na chumba hiki chenye harufu ya gundi ya viatu ambacho ndicho mahali pekee nilipowahi kunyamaza nikajisikia vizuri. Nililia kwenye choo cha kituo cha basi, shangazi hajui. Kwa hiyo baba, huwezi kunilipa kwa sahihi. Sahihi ulitakiwa kuiweka Februari nilipokuomba.

Nitafika Jumamosi. Mwambie mama anifungie chandarua, na yale mashuka ya zambarau asiyatoe, nimekua. Tarehe 29 nitaenda kwenye mchujo wa foili na sitabahatisha, nitashinda, unajua nitashinda. Mazoezini nitafanya kila unachonielekeza. Sitanuna. Nitakuamkia kila asubuhi. Wanafunzi hawataona tofauti yoyote, na sitamwambia yeyote kati yao nilichokisoma kwenye ngazi. Hayo ni ya shangazi, si yangu kuyatembeza.

Nina sharti moja tu. Pambano langu lolote, la mashindano au la mazoezi, hata la kupasha mwili joto asubuhi na watoto wa Jumamosi, usiwe mwamuzi. Ukikaa kwenye nafasi ya mwamuzi mimi nitachomoa waya na kuondoka, na ukiniuliza mbele ya watu kwa nini, nitakujibu.

Mwite yule mrefu wa kikoti cha bluu. Anakosea sana, lakini anasema anachokiona.

Binti yako